Tulipiga mbizi Tanga asubuhi, jioni ile ile tukapanda Arusha

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Neno lenyewe lilikuwa moja tu: "Twendeni."

Nililisema Jumapili mchana, Tanga, nimesimama pembeni ya Coaster, nywele bado zina chumvi. Vijana walikuwa wameniomba niamue kama tulale pale au tuondoke muda ule ule tuwahi Arusha.

Ningeweza kukataa kuamua. Ningewaambia muulizeni mwalimu wa mbizi, yeye ndiye anayejua. Sikukataa. Nikasema twendeni, watu wakapanda gari.

Nitakayoandika yamenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Majina nimeyabadilisha, lakini baadhi ya niliosafiri nao wamo humu jukwaani, nikiongeza chumvi wanisute. Uzi ni mrefu kiasi. Mwenye haraka atarudi baadaye.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni Mwarusha wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, kidato cha nne, siku hizi nakaa Lemara. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mtu wa mlimani. Nilianza kwa kubeba mizigo ya wageni kichwani, nikapanda mpaka nikawa guide, mwisho nikawa nafundisha guide wapya.

Kazi ile ina sheria moja ambayo kila siku nilikuwa naiimba: usipande haraka. Mwili upewe muda. Mgeni akianza kuumwa kichwa na kutapika pale Saddle, kambi ya juu, hatubembelezani, anateremshwa. Nimewateremsha matajiri, nimewateremsha madaktari. Mmoja alinitukana kwa lugha yake njia nzima mpaka getini, halafu alipopata nafuu akanikumbatia.

Naomba hilo mlishike, maana aibu yangu imekaa hapo hapo.

Nina binti, nitamwita Naserian. Ni mwalimu wa sekondari. Jioni moja tunakunywa chai akaniuliza, "Baba, umewapeleka wageni wangapi kileleni?"

Nikacheka, nikamwambia nani anahesabu.

Akasema, "Na mimi?"

Mtoto amekua anauona Meru kila asubuhi akifungua mlango, na hajawahi kufika hata kibanda cha kwanza. Baba yake alikuwa kazini, akiwashika mikono watoto wa watu wengine.

Nikamwambia twende, hata kesho. Akatikisa kichwa. Wakati huo alikuwa amejiunga na kikundi cha vijana wa Arusha wanaojifunza kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Ndiyo, Arusha hii hii isiyo na bahari. Wanajifunzia kwenye bwawa la hoteli, kisha wanakwenda pwani wakiwa tayari.

"Wewe shuka na mimi kwanza," akasema. "Halafu mimi nitapanda na wewe."

Tukapeana mikono. Mbizi kwanza, Meru mwezi wa kumi na mbili.

Sasa fikirieni mzee wa umri wangu anavalishwa ile nguo ya mpira inayobana, tumbo limegawanyika mara mbili, anaingizwa bwawani na vijana wanaomwamkia shikamoo huku wakijizuia kucheka. Kuogelea kwenyewe nilijifunzia hapo hapo. Kuna mzee mwenzangu wa kanisani alisikia habari zangu, akanisimamisha nje baada ya ibada. Akaniuliza Mwarusha anatafuta nini kwa samaki. Wale wa kwetu mnajua, wapo wazee mpaka leo ukiwawekea samaki mezani wanahama kiti.

Nilikaza. Nilitaka sana ile safari ya mlimani na mwanangu.

Siku ikafika. Tulikuwa wanane kwenye kikundi, pamoja na dereva. Kiongozi wetu nimwite Godi, kijana wa kampuni za utalii, mcheshi, anayejua kupanga safari. Ijumaa tukashuka Tanga, na tulipofika tukapokelewa na mwalimu wetu wa baharini, mwanamke mwenyeji wa pale. Huyu tumwite Mwalimu Zuhura. Haongei sana. Akikuangalia unakaza mkanda wako mwenyewe.

Jioni ile ile alituketisha akatueleza utaratibu. Jumamosi tutaona miamba ya matumbawe. Jumapili asubuhi tutashuka kwenye meli ya mizigo iliyozama zamani. Baada ya hapo tutalala Tanga, na Jumatatu mchana ndipo tuondoke.

Akaeleza na sababu. Ukiwa chini, maji yanakubana, na hewa unayoivuta inaingia mpaka kwenye damu na misuli. Inahitaji muda itoke polepole. Ukienda sehemu ya juu kabla haijatoka, inageuka mapovu humo humo mwilini, kama soda iliyotikiswa ukaifungua.

Akamalizia, "Na nyie kwenu ni juu."

Tuliitikia wote. Mimi niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa mbele.

Jumamosi, wakuu, sitaisahau. Tukiwa tunapanda boti, mwendeshaji alitutazama mavazi yetu na mashuka yetu mekundu tuliyojifunika kwa upepo, akasema, "Wamasai leo mmekuja kuchunga samaki? Angalieni wasije wakawapotea."

Naserian akamjibu, "Hawa rahisi, hawahitaji majani."

Boti zima likacheka, na hofu yangu ikapungua kidogo.

Tukashuka. Nimezoea ukimya wa mlimani, ule wa asubuhi kabla upepo haujaamka. Kule chini kuna ukimya mwingine. Unasikia pumzi yako tu, inaingia, inatoka. Matumbawe yamejipanga kama mteremko wa mlima, yana mabonde na vijito vya mchanga, na samaki wa njano wanapita kwa makundi kama mbuzi wanaojua njia ya nyumbani. Nilijikuta natafuta njia ya kupandia, kwa mazoea ya kazi.

Naserian alikuwa mwenzangu wa mbizi, maana huko kila mtu ana mwenzake wa kumwangalia. Kila baada ya muda ananionyesha kile kiduara cha kidole na gumba, kuuliza uko sawa? Nami namjibu nipo sawa. Miaka yote mimi ndiye ninayewauliza watu kama wako sawa. Siku ile mwanangu ndiye aliyeniuliza.

Jumapili tukashuka kwenye meli. Ilikuwa chini zaidi. Imelala ubavu, chuma kimeota matumbawe mpaka huwezi kujua kutu inaishia wapi. Mwalimu Zuhura alitukataza kuingia ndani, tukaizunguka kwa nje. Kwenye tundu la dirisha alikuwepo samaki mkubwa mwenye midomo minene, ametulia kama karani dirishani. Naserian alimsalimia kwa mkono. Nikacheka mpaka maji yakaingia kwenye mask.

Nilipanda juu nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Tanga nzima. Ndipo tatizo likaanza, maana mtu mwenye furaha vile anajiona hawezi kuguswa na kitu.

Wakati wa chakula cha mchana Godi alipigiwa simu. Ofisini kwake kuna wageni wamebadilisha ratiba, anatakiwa Jumatatu asubuhi. Dereva naye akakumbuka kwamba alishaahidi gari mahali pengine. Wawili wengine wakasema hata wao kazini hawakuaga vizuri. Mwingine akasema si tunakwenda kwa gari tu, hatupandi ndege.

Wakaanza kubishana, halafu mmoja akasema, "Jamani, tusivutane. Tumwulize Mzee."

Kwa wasiotujua niwaeleze. Kwetu mzee akiombwa neno la mwisho na akalitoa, mjadala umefungwa. Hakuna anayeufungua tena, hata kama moyoni hakubali. Ni desturi nzuri kwa mambo ya mashamba na ya harusi. Nusu ya kikundi kile walikuwa watoto wa kwetu, na wale wasio wa kwetu walishaizoea tabia hiyo.

Mwalimu Zuhura alikuwa anaosha vifaa. Akasimama, mikono inachuruzika maji. "Mzee wangu, Arusha ni juu. Sikatai kwa kupenda."

Nikamjibu hivi, na ninaandika kama nilivyosema: "Mwalimu, Arusha ni chini. Juu nakujua mimi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Na wakuu, sikuwa namdanganya, niliamini. Mtu wa mlimani akisema Arusha anamaanisha mahali unaposhukia. Ndiko unakooga, unakula nyama, unalala na kichwa hakiumi. Maisha yangu yote nimewateremsha wagonjwa wa juu kwenda Arusha wapone. Kwamba Arusha yenyewe imekaa juu sana kwa mtu aliyetoka chini ya bahari, hilo kichwa changu hakikuwa na mahali pa kuliweka. Nilimsikia akisema Ijumaa, nikaitikia, na sikuliamini hata kidogo.

Naserian akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini ili asinivunjie heshima mbele za watu: "Baba, tulale."

Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini nilishaonekana mtu anayejua.

Nikasema twendeni.

Mwalimu Zuhura hakubishana tena. Alimwita Naserian pembeni akampa namba yake. "Yeyote akisikia lolote, hata kuwashwa tu, nipigie."

Tukaondoka. Mpaka Mombo tulikuwa tunaimba. Kufika Same bega la kushoto linauma, nikajisemea ni ule mtungi, ulikuwa mzito. Moshi tumbo likaanza kuwasha, na kiuno kama kimefungwa mkanda. Naserian, aliyekaa mbele na dereva, aliniangalia kwenye kioo, akauliza kama nipo sawa, akanionyesha kile kiduara cha kidole na gumba. Nikamjibu kwa kidole vile vile kwamba nipo sawa.

Hilo nalo nalijutia. Chini ya maji nisingethubutu kumjibu uongo.

Usa River nikaomba tusimame nijisaidie. Nikashuka mlangoni, nikaweka mguu chini, na sikuisikia lami. Niliuona mguu wangu umekanyaga, lakini sikuusikia. Nikaanguka ubavu.

Godi alicheka kwanza. "Mzee, bahari bado imo miguuni?" Halafu akaona uso wangu, akaruka chini kuja kuniinua.

Naserian alishaipiga ile simu kabla sijainuliwa. Mwalimu Zuhura hakusema, "Si niliwaambia?" Alisema nilazwe chali, nipewe maji kama nameza vizuri, na itafutwe oksijeni upesi. Kisha akasema, "Na gari lisipande hata kidogo tena. Waulize na wengine."

Naserian akawauliza mmoja mmoja, kwa sauti ya darasani. Ndipo ikajulikana. Godi kiwiko kilikuwa kinamuuma tangu Moshi. Wawili wanawashwa mwili. Wote walikaa kimya, kwa sababu mzee alishasema.

Nimelala kando ya barabara nikawaza: watu wote hawa wamo kwenye gari hili kwa neno langu, na mmoja ni mwanangu. Mguu nikausahau. Nilimwomba Mungu kama iko hesabu ya kulipa, aniandikie mimi peke yangu.

Sasa msikie jambo. Pale Usa River anakaa Loti, guide niliyemfundisha mwenyewe, ana stoo ya vifaa vya mlimani. Na guide yeyote makini ana mitungi ya oksijeni kwa ajili ya wageni wanaozidiwa. Nikamwelekeza Naserian, akampigia. Loti akaja kwa pikipiki, mtungi umefungwa nyuma kwa kamba ya mizigo, mwingine ameukumbatia kijana aliyekaa nyuma yake.

Akapiga magoti akanivalisha barakoa ya oksijeni. Nikataka kumwonyesha namna ya kufungua. Nikamwambia, "Hii nilikufundisha mimi."

"Ulinifundisha, mkuu," akasema. "Sasa nyamaza uvute."

Nikanyamaza, nikavuta. Wenzangu wakapokezana ule mtungi wa pili.

Hospitali ya hapo hapo Usa River walikotupeleka walishirikiana na Mwalimu Zuhura kwa simu, na madaktari wakaamua kitu ambacho mimi ndiye niliyewafundisha wengine: teremsha mgonjwa. Tukarudi njia ile ile kuelekea pwani, mimi nimelala na oksijeni. Wenzangu walipofika chini walipumzishwa na kuangaliwa, wote wakapona kabisa. Naserian hakupata hata kuwashwa. Mimi nikavushwa bahari mpaka Visiwani kwenda kuwekwa kwenye chemba.

Msicheke, siyo chemba ya maji taka. Ni kama tangi la chuma lenye kidirisha. Unaingizwa humo, hewa inakubana kama vile umerudi chini ya bahari, kisha wanakupandisha taratibu kabisa, taratibu kuliko mgeni wangu yeyote niliyewahi kumpandisha. Niliwekwa mara kadhaa. Naserian anakaa nje, anasahihisha daftari za wanafunzi, akiinua kichwa ananionyesha kidole na gumba. Safari hii nilimjibu kweli. Nikiwa sipo sawa nilimwambia sipo sawa.

Mguu wa kulia ulirudi wote. Wa kushoto ulirudi nusu. Natembea, nakwenda kanisani, nakwenda sokoni, nalima bustani yangu. Mteremko tu ndio unaonishinda, na ngazi nashika ukuta.

Kabla sijaruhusiwa Mwalimu Zuhura alikuja kunitazama, ameniletea maandazi ya nazi. Nilimwomba radhi. Nikamwambia, "Mwalimu, Arusha ni juu."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Haya mzee wangu. Nenda kawaambie na wenzako."

Ndicho ninachofanya hapa.

Kikundi hakikufa. Wengi walidhani vijana wataacha, na mimi nilidhani hivyo. Tulikaa kikao, nikasimama na fimbo yangu nikawaambia kwamba kuanzia leo nikisema neno lolote kuhusu maji, asinisikilize mtu, neno la mwisho ni la mwalimu. Godi akasema, "Hilo nalo ni neno la mzee, kwa hiyo tumelipokea." Wakacheka. Likapita.

Sasa wanakwenda Tanga kama kawaida, na mimi nakwenda nao. Sishuki majini. Nakaa kwenye boti, natazama mapovu yao yakija juu, namtania mwendeshaji. Na Jumapili wakishamaliza mbizi ya mwisho, dereva ananikabidhi ufunguo wa Coaster. Unakaa mfukoni mwangu mpaka Jumatatu mchana. Ameshanibembeleza kwa kila namna, mara mke wake ana homa, mara tairi linahitaji kupelekwa gereji. Namwambia kaa ule samaki. Siku hizi hata mimi namla.

Naserian anakaribia kupata cheti cha kusaidia kufundisha. Anawachukua wanafunzi wake wa sekondari bwawani, na somo lake la kwanza, kabla hawajagusa maji, ni ramani: Tanga iko wapi, Arusha iko wapi, na nani yuko juu.

Mwezi wa kumi na mbili ulipofika nilitaka kuahirisha, labda mguu utapata nguvu. Daktari alishaniambia ukweli, na Naserian pia aliujua. Nikamkabidhi kwa Loti. Nikawasindikiza mpaka geti la Momella, nikamkaza kamba za viatu kwa mkono wangu, nikamwambia aende polepole. Akasema, "Baba, nafahamu."

Nilikaa kwa ndugu yangu mmoja karibu na geti nikiwasubiri. Asubuhi ya kufika kileleni simu ikalia. Upepo ulikuwa mkali nikawa nasikia maneno nusu nusu.

"Baba, nipo juu."

Nikamuuliza anaona nini.

"Naiona Kilimanjaro. Na Arusha naiona yote. Baba, iko chini sana."

Nikamwambia, "Chini kwako wewe uliye huko."

Akacheka, kisha akalia kidogo, na mimi nikageukia ukuta ili wenyeji wangu wasinione.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba kujua jambo moja vizuri kunaweza kukufanya kiziwi kwa jambo la jirani yake. Nyie mliobobea kwenye kazi zenu, siku mkiingia kwenye kazi ya mwingine, muulizeni aliye nayo na mfanye anavyosema. Na nyie vijana, mzee akikosea mwambieni. Sisi hatuvunjiki kwa kuambiwa. Wa Arusha, Moshi, Mbulu, Lushoto na kwingine kote kwenye baridi mnaopenda kupiga mbizi, laleni pwani usiku ule wa mwisho.

Kama kuna aliyepitia kitu kama hiki, au ana swali, aandike hapa chini, nitajibu kadiri ninavyojua, na nisichojua nitamwita Naserian. Kunilaumu pia ruksa, nimeshajilaumu vya kutosha sitaudhika.

Mwanzoni niliwaambia habari ya neno moja. Nimalizie na gharama yake. Mguu wangu wa kushoto hautanipandisha mlima tena, na binti yangu amefika kileleni mwa Meru bila mimi.